Sauti ni ya Kwetu, Kituo ni cha Nani?

Mwezi wa Ramadhani, mtu wa Diani anayeitegemea redio ya Nairobi kwa adhana ya Magharibi huchelewa kufuturu kwa dakika kama kumi. Jua la pwani hutangulia kutua, lakini studio iko bara, na saa ya studio ndiyo saa ya kituo. Akina mama wa Msambweni na Ukunda wanalijua jambo hili tangu zamani, na siku za saumu mkono huenda wenyewe kutafuta redio ya Mombasa.

Dakika kumi si nyingi, lakini zinatuonyesha kwamba redio hufuata saa ya mwenye nayo. Msikilizaji huliona hilo upande wa adhana na habari. Leo tunapenda kuutazama upande asiouona, nao ni hali ya vijana wetu, wengi wao mabanati, ambao riziki yao imo ndani ya vituo hivi.

Sheria ya mawasiliano ya Kenya huyagawa matangazo mafungu matatu: ya umma, ya biashara na ya jamii. Pwani FM ni ya shirika la KBC, basi ni mali ya umma. Bahari FM ni ya Royal Media Services, kampuni ya Nairobi yenye vituo zaidi ya kumi vya lugha mbalimbali. Msenangu FM ni ya Mediamax, wenye Milele na Kameme. Upande wa jamii, Kwale imekuwa na Ranet, iliyozaliwa katika mpango wa Idara ya Hali ya Hewa wa kuwafikishia wakulima na wavuvi habari za mvua na upepo. Mtu akiambiwa kwamba mwanawe amepata kazi ya redio, ni vyema kwanza aulize ni redio ya fungu gani, kwani jibu la swali hilo hubeba mengi.

Insafu yatutaka tutaje mema ya kampuni kubwa. Ina mitambo ya kufika mbali, ina idara ya kuajiri, na mara nyingi ina mkataba wa maandishi na bima ya matibabu. Tajiri wa kwetu si lazima awe na huruma kuliko kampuni ya Nairobi. Wako waliofungua vituo kwa ajili ya kura, na kura zilipokwisha mishahara nayo ikakatika.

Lakini kampuni huhesabu vituo vyake kama mfanyabiashara anavyohesabu maduka. Duka lisiloleta faida hufungwa, hata kama wateja wake wanalipenda. Mwaka 2016 kampuni ya Nation ilizifunga Nation FM na QFM, na QFM ilikuwa redio ya Kiswahili. Msikilizaji alipoteza kipindi. Mtangazaji alipoteza kodi ya nyumba. Mwaka 2020, wakati wa korona, Mediamax ilitaka kupunguza mishahara, wafanyakazi wakaenda mahakamani, na baada ya muda mfupi karibu watu 100 wakaachishwa kazi. Mwaka 2024 kampuni ya Standard, wenye Radio Maisha, ilitangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi zaidi ya 300, hali wengi wao walikuwa bado wanadai mishahara ya miezi iliyopita. Maamuzi hayo yote yalikatwa Nairobi. Mwakilishi aliye peke yake Kwale, na pikipiki yake na kinasa sauti chake, hupata habari kama tunavyoipata sisi.

Tena kuna jambo linalokuja polepole, bila tangazo. Kampuni yenye vituo vingi huona ni rahisi kumtumia mwandishi mmoja kwa kazi ya watu watatu: apeleke habari redioni, apige picha za televisheni, aandike na ya intaneti. Malipo hubaki yale yale, au huwa ni kwa kila habari iliyotumika. Mwandishi wa Lunga Lunga anaweza kutwa kucha kufuatilia mgogoro wa ardhi, akaambiwa jioni kwamba nafasi imejaa siasa za bara. Siku hiyo hana kitu, na nauli ameitoa mfukoni. Basi msishangae mkisikia foleni za barabara ya Thika kuliko bei ya samaki wa Shimoni.

Redio za jamii zina shida ya namna nyingine. Sheria yataka mapato yao yarudi katika manufaa ya jamii, na matangazo yao ya biashara yawe ya eneo lao. Ni sharti jema, lakini maduka ya eneo ni machache na mahoteli ya Diani hutafuta wageni wa mbali. Kwa hivyo kazi hufanywa na watu wa kujitolea, na mradi wa mfadhili ukimalizika, posho nayo humalizika.

Mzazi mmoja wa upande wa Msambweni alitujia kwa ushauri. Bintiye alikuwa akitangaza kipindi cha asubuhi katika kituo ambacho hatutakitaja. Mwaka wa pili huo, hana karatasi yoyote. Alilipwa fungu la matangazo ya biashara aliyoyaleta mwenyewe, na mwezi asioleta hakulipwa. Watu wakimsalimu sokoni kwa jina, naye akikopa nauli ya kwendea studio. Lililomuumiza zaidi, alituambia mzazi, ni kwamba wanawake walimpigia simu kulalamikia mfanyabiashara fulani, naye akashindwa kulisema hewani, kwa kuwa mfanyabiashara huyo ndiye aliyekuwa akimpa tangazo la mwezi. Hapo pana dhulma mbili, yake na ya wasikilizaji wake.

Katika fiqhi ya ijara, ujira sharti ujulikane kabla ya kazi kuanza. Nabii Musa (a.s.) alipoajiriwa Madyan aliambiwa muda wake waziwazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo haiko mbali na hapo. Kazi ya miezi mitatu au zaidi hutakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Anayepunguzwa kazini kwa sababu ya kampuni kujipanga upya hustahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Kuitwa “mwakilishi” au “wa kujitolea” hakuondoi haki hizo daima. Mahakama hutazama kazi yenyewe ilivyofanywa.

Kwa hivyo binti akiitwa redioni, aulize kabla ya kushika kipaza sauti: mwenye leseni ni nani, mshahara ni kiasi gani hata mwezi usio na tangazo, nani atamrudisha nyumbani kipindi kikiisha usiku, na jina lake litaandikwa kwenye karatasi gani. Aweke nakala ya ratiba za vipindi vyake na ujumbe wa simu wa kila malipo. Bintiye yule mzazi hakuwa na mkataba, lakini alikuwa na ujumbe wa simu wa miezi 19, na hizo ndizo karatasi alizokwenda nazo kwa afisa wa leba.