Risasi Tano, Tundu Moja

Katika mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani, mwamuzi hukutana na kisa ambacho refa wa mpira hakijui: karatasi imeletwa ina tundu moja tu, na mlenga shabaha anadai kafyatua risasi tano. Nne zimekwenda wapi? Jibu hutafutwa nyuma ya shabaha, kwenye ukanda wa karatasi unaosogezwa polepole na mota muda wote wa raundi. Risasi zinazopita katika tundu lile lile la mbele, moja baada ya nyingine, huutoboa ukanda mahali mbalimbali kwa kuwa umeshasogea. Mwamuzi anayahesabu matundu ya ukandani. Yakitimia matano, karatasi inapelekwa kupimwa.

Hakipimwi kitendo cha kugonga katikati ya duara. Hata kundi lote likiangukia pembeni, maadamu limo ndani ya fremu, ni halali. Unaopimwa ni umbali baina ya matundu mawili yaliyoachana kuliko yote, katikati hadi katikati, kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa shabaha ya yadi 100, yaani mita 91 na ushei, wastani wa inchi 0.2 katika makundi matano ni kazi ya mtu anayeujua mchezo. Hiyo ni milimita 5, wakati risasi yenyewe ina unene wa milimita 6, kwa hiyo matundu yote yameingiliana.

Mchezo huu ulikua Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, na chama chake cha kitaifa, NBRSA, kikaanzishwa mwaka 1951. Risasi inayoutawala leo ilitoka kwa watu wawili: Louis Palmisano, daktari wa upasuaji, na Ferris Pindell, fundi wa mashine. Katikati ya miaka ya 1970 walichukua ganda liitwalo .220 Russian, fupi na nene, wakalichongea mabega na kulipa shingo ya milimita 6. Wakaliita 6 PPC. Risasi yake ina uzito wa gramu 4.4 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 1,000 kwa sekunde. Babu wa ganda hilo tunamfahamu vizuri barani kwetu, maana .220 Russian ilitokana na risasi ya AK-47. Bunduki inayosifiwa kwa kuvumilia matope imeacha mjukuu asiyevumilia chembe ya vumbi.

Bunduki yenyewe ina mtutu mnene wa chuma kisichoshika kutu, na hauishi sana: moto wa baruti hula mwanzo wa mtutu, na baada ya risasi elfu moja hivi washindani wengi huung'oa na kufunga mwingine. Kifyatulio huitika kwa mguso wa gramu 60 tu. Darubini hukuza mara 36 na kuendelea. Katika daraja la bunduki nyepesi, vyote hivyo pamoja visizidi ratili 10.5, kama kilo 4.8. Mbele bunduki hulala juu ya mfuko wa mchanga uliofungwa kwenye egemeo lenye skrubu za kurekebisha, na nyuma kitako hukaa juu ya mfuko mwingine. Wapo wasioigusa kabisa ila kwa ncha ya kidole cha kufyatulia. Wanaiacha iteleze yenyewe hadi begani.

Maganda hayatupwi. Kati ya raundi na raundi mshindani huyajaza upya pale pale uwanjani kwa vifaa vidogo vya mkono: hutoa fataki iliyokwisha, huweka mpya, humimina baruti na kukandamiza risasi shingoni. Si ubahili. Baruti inayopendwa, N133 ya Vihtavuori kutoka Finland, ina tabia ya kubadilika na hali ya hewa. Kipimo kilichofunga kundi asubuhi ya baridi kinaweza kulifumua ifikapo adhuhuri.

Je, ubingwa ni wa mwenye fedha? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walenga shabaha wachache mjini Houston, Texas, walipata nafasi ya kufyatua ndani ya ghala refu lililofungwa, lisilo na upepo. Humo bunduki bora ziliweza kurudia makundi ya inchi 0.025 na chini ya hapo. Lakini zilizofikia hapo zilikuwa chache. Nyingine, zilizotengenezwa kwa uangalifu vilevile, zilishindwa bila hata upepo wa kusingizia. Kwangu mimi ghala lile lilimaliza ubishi wa pande mbili. Kifaa kibovu hakiokolewi na ustadi, na kifaa kizuri kikitoka nje ya ghala, sehemu kubwa ya hesabu inahamia kwa mtu.

Upepo wa pembeni wa kilomita 5 kwa saa, ambao mtu aliyekaa kivulini hata hautambui, huisogeza risasi ya 6 PPC milimita 7 hivi ikifika yadi 100. Tena hausukumi kwa mlalo tu. Mtutu ukiwa unaizungusha risasi kuelekea kulia, kama ilivyo kwa mitutu mingi, upepo wa kulia huipeleka kushoto na kuipandisha kidogo. Wa kushoto huipeleka kulia na kuishusha. Mgeni akiona tundu limepanda hulaumu baruti, kumbe upepo umegeuka.

Kwa hiyo kila mshindani husimika bendera zake kutoka mezani hadi shabahani: kishale cha mwelekeo, panga linalozunguka na mkia wa utepe mwepesi. Ana dakika 7 za kufyatua risasi tano za kuhesabiwa. Chini ya shabaha yake kuna nyingine ya majaribio, na hiyo anaruhusiwa kuipiga atakavyo. Hapo ndipo anapouliza: mikia ikikaa hivi, risasi inaangukia wapi? Akishapata hali inayojirudia, wapo wanaozimaliza tano zote chini ya nusu dakika kabla hewa haijabadilika, na wapo wanaofyatua moja, wanangoja, wanafyatua nyingine. Makundi mengi huharibika kwenye risasi ya nne au ya tano, mtu anapoona mkia umelegea na bado akafyatua kwa sababu mkono umeshazoea mwendo.

Rekodi za kundi moja huvuma sana. Mac McMillan alipiga inchi 0.009 mwaka 1973, na ilichukua miaka 40 hadi Mike Stinnett alipofikia 0.0077. Nazistahi, lakini bahati imo ndani yake. Wastani wa siku nzima ndio unaomtaja bingwa.

Anayetaka kuanza asikimbilie kuagiza bunduki mpya. Anunue iliyotumika, aifungie mtutu mzuri, na asifyatue hata risasi moja ya mazoezi kabla bendera hazijasimama uwanjani.