Desturi za Usafiri wa Land Rover za Zamani katika Nyanda za Njombe

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na hasa katika kata ya Kichiwa na vijiji vinavyotegemea masoko ya Njombe na Makambako, gari lenye nguvu halikuhesabiwa kuwa anasa ya mwenye nalo peke yake, bali lilizungukwa na kanuni za heshima, wajibu na kusaidiana ambazo Wabena, walio wengi katika eneo hilo, walizitoa katika maisha yao ya nyumbani na shambani wakaziingiza katika safari. Gari lililobeba kumbukumbu nyingi kuliko jingine lolote ni Land Rover ya miaka ya 1960 na 1970, hususan ile ndefu iliyojulikana kwa namba yake ya 109, ambayo ni idadi ya inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma.

Wakati huohuo huko Marekani vijana walikuwa wakiyashabikia magari kama Pontiac GTO, lililotoka mwaka 1964 likiwa na injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 6.4 na nguvu za farasi 325, na wanaoyakumbuka magari hayo leo husimulia zaidi mwendo wake wa kasi kwenye lami iliyonyooka. Land Rover ya kawaida iliyopanda milima ya Njombe ilikuwa na injini ya silinda nne ya lita 2.25, na nguvu zake hazikufika farasi 80; lakini mtu wa Njombe hakuipima nguvu kwa kasi, aliipima kwa mlima, kwa tope la masika na kwa magunia ya viazi yaliyofika sokoni kabla hayajaoza. Hata hivyo magari hayo yana undugu wa damu, kwa kuwa mwaka 1965 kampuni ya Rover ya Uingereza ilinunua haki ya kutengeneza injini nyepesi ya silinda nane iliyobuniwa na Buick, kampuni ndugu ya Pontiac, na kuanzia mwaka 1979 injini hiyo ikawekwa ndani ya Land Rover ndefu, ingawa kwa makusudi ilipunguzwa nguvu hadi farasi 91 ili ifae kuvuta mizigo mizito kwa mwendo wa taratibu.

Heshima ya udereva katika eneo hili ilikuzwa na barabara kuu inayopita Makambako. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia, nchi isiyo na bahari iliyokuwa ikitegemea njia za Rhodesia, ililazimika kupitisha mafuta na shaba yake Tanzania, na mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja ya usafirishaji iliyoleta malori mengi ya Fiat kutoka Italia. Malori hayo yalipita kwenye barabara hiyo, iliyokuwa bado ya vumbi na matope, ambayo kwa ubaya wake ilifananishwa na jehanamu, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968, lami ikawekwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada ambao sehemu yake ilitoka Marekani, na reli ya TAZARA, yenye stesheni pale Makambako, ikakabidhiwa mwaka 1976. Makambako ikawa njia panda ya watu wa Mbeya, Iringa na Songea, na kijana wa kijijini aliyemwona dereva wa lori akishuka pale, akiwa na viatu vizuri na habari za Dar es Salaam na za Ndola huko Zambia, alitamani kazi hiyo kama wenzake walivyotamani ualimu. Lakini lami ilipita mbali na vijiji vingi, na kutoka barabara kuu kwenda kwenye mashamba ya viazi, mahindi na miwati, yaani miti ambayo magome yake hutumika kutengeneza dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, iliyobaki kutegemewa ilikuwa Land Rover.

Mpangilio wa kukaa ndani ya gari hilo ulifuata adabu ya nyumbani. Kiti cha mbele, kando ya dereva, kilikuwa cha mzee, cha padri au mchungaji, cha mwalimu, cha mama mjamzito au cha mgonjwa anayepelekwa hospitali, na kijana aliyekikuta kikiwa wazi alijua kwamba atakihama mara atakapopanda mtu wa kustahili, hata kama nauli yao ni moja. Nyuma palikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, abiria wakapachanisha magoti, mizigo ikiwa kwenye keria juu ya paa na vijana wakining'inia nyuma kwa mikono. Aliyepanda alisalimia kwanza, na salamu ya Kamwene, ambayo husikika kuanzia Iringa hadi Njombe, iliwazunguka waliomo kabla ya mazungumzo mengine kuanza. Dereva aliitwa baba au bwana dereva, naye alibeba, pamoja na watu, barua za mkono, dawa, fedha za karo na taarifa za misiba, kazi ambayo kwa kawaida haikulipiwa na ambayo iliifanya jamii imwamini mtu huyo kuliko ilivyoliamini gari lake.

Ufundi wenyewe ulirithishwa kwa utingo. Utingo ni msaidizi wa dereva, kijana ambaye kwa muda mrefu huosha gari, hupakia na kushusha mizigo, huziba pancha na kuteka maji ya rejeta, huku akijifunza kwa macho na masikio bila kuruhusiwa kugusa usukani. Baridi ya Njombe, ambayo mwezi wa Juni na Julai huweza kugandisha umande juu ya majani, iliufanya mwanzo wa siku kuwa mtihani wake wa kwanza: dereva mwenye busara alililaza gari kwenye mteremko ili liwake kwa kusukumwa, na kama mahali palikuwa tambarare, utingo alichemsha maji ya kumimina kwenye rejeta kisha akazungusha handeli, chuma kirefu kilichopindwa ambacho huchomekwa mbele ya injini, akiwa ameshaonywa kuhusu namna ya kukishika, kwa sababu injini ikirudi nyuma huweza kuvunja mkono. Mlimani alitembea nyuma ya gari akiwa na kabari, yaani kipande kizito cha mti cha kuzuia gurudumu, tayari kukitupa chini gari linaposhindwa, na maisha ya abiria wote yalikuwa mikononi mwa kijana huyo asiyetajwa jina. Baada ya mafunzo hayo aliweza kutambua kwa sauti tu kwamba difu, yaani chombo kinachogawa mzunguko kwa magurudumu ya kulia na kushoto, imeanza kula meno yake, na hata watoto wa kijiji walizijua Land Rover za wenyewe kwa mngurumo kabla hazijatokeza kwenye kona.

Gari lilipokwama, nauli haikumpa mtu haki ya kubaki amekaa. Wanaume walishuka kusukuma, wengine wakakata matawi ya kutandika chini ya matairi, wanawake wakashuka na watoto na sehemu ya mizigo, na wakulima wa mashamba ya jirani waliacha majembe yao wakaja bila kuitwa, kwa mazoea yaleyale ya kusaidiana kulima na kujenga. Desturi hiyo ilistahili sifa, lakini haifai kufichwa kwamba wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya taabu ya safari hizo, wakati udereva na utingo vilibaki kuwa kazi za wanaume, wala kwamba kujaza watu kupita kiasi na kuwaacha vijana waning'inie kulikuwa hatari ambayo ingeweza kuzuiwa.

Katika msiba, gari la kijiji lilikuwa la wote: wenyeji walichanga fedha za mafuta, mwenye gari akatoa gari, na marehemu akaletwa nyumbani na ndugu zake wakiwa wamemzunguka. Katika harusi lilifungwa maua na matawi, na honi ikapigwa kuanzia mbali. Wakati wa masika lilisomba madumu ya ulanzi, pombe inayotokana na utomvu wa mianzi, ambayo huendelea kuchacha njiani, hivyo anayeibeba hulazimika kuacha nafasi ya povu na kuwahi sokoni.

Kilichoyafanya magari hayo yaishi miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa ni mafundi wa gereji za chini ya miti. Kupanda kwa bei ya mafuta kuanzia mwaka 1973, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni katika miaka ya 1980 vilifanya spea kuwa adimu, na mafundi wakajifunza kukata gasketi kwenye boksi gumu, kuziba tangi linalovuja kwa sabuni ya mche, kuchomelea springi zilizokatika na kujaza majani makavu ndani ya tairi lisilo na mpira wa ndani ili gari lifike angalau kijiji kinachofuata. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha kiwanda, nayo ni sehemu ya urithi wa eneo hili kama zilivyo ngoma na nyimbo zake.

Leo barabara ya lami kutoka Makambako kwenda Songea kupitia Njombe, iliyojengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, imejaa mabasi na magari madogo ya Kijapani, bodaboda zimeingia hadi kwenye mashamba, na Land Rover zilizobaki hutumika zaidi kusomba mbao na viazi kule ambako tope bado halijashindwa. Madereva na matingo wa kizazi hicho ni wazee sasa, na wengine wamekwisha kufariki. Walimu wa historia wa Njombe na Makambako, pamoja na vijana wanaomiliki simu zenye uwezo wa kurekodi sauti, wawaendee wazee hao majumbani mwao, wawaulize majina ya magari, ya njia na ya vifaa vyao, na wazihifadhi sauti zao katika shule na maktaba za mkoa kabla miaka mingine haijapita.