Nakala za Akiba za Bei Nafuu: Jua Zitarudi Baada ya Muda Gani

Mkulima wa kahawa wa Othaya au Tetu akitaka kujua kilo alizopeleka kiwandani miaka 3 iliyopita, anastahili kupata jibu hata kama kompyuta ya chama cha ushirika imeibwa au imeungua. Hiyo ndiyo kazi ya nakala za akiba. Shida ni kwamba nakala hizo huongezeka kila siku, nafasi ya kuziweka hulipiwa kila mwezi, na nyingi hazifunguliwi tena.

Hifadhi ya madaraja hupunguza gharama hiyo. Fikiria ofisi ya chama: daftari la msimu huu liko mezani, la mwaka jana liko kabatini, na ya zamani yako stoo. Katika hifadhi ya mtandaoni, mfumo wenyewe ndio unaohamisha. Kwa mfano, huduma ya Amazon iitwayo S3 Intelligent-Tiering, iliyoanza 2018, hushusha faili isiyoguswa kwa siku 30 hadi daraja la bei nafuu. Zikifika siku 90, huishusha tena. Faili ikifunguliwa, hurudi juu. Katika madaraja hayo yote faili hupatikana papo hapo. Yapo mengine ya chini zaidi, ambayo mteja huyachagua mwenyewe. Huko faili huchukua saa kadhaa, hata 12, kurudi.

Kabla ya kujiunga na huduma ya aina hii, zingatia haya:

1. Muda wa kurudisha. Duka la Karatina lisiloweza kuuza bila orodha yake ya bidhaa haliwezi kungoja saa 12. Nakala za karibuni zibaki juu.

2. Faili ndogo. Katika huduma tuliyotaja, faili za chini ya kilobaiti 128 hazishushwi. Zifungashe pamoja ziwe faili moja kubwa.

3. Programu ya nakala. Ikiwa inafungua faili zote kila usiku kuzikagua, mfumo utadhani zinatumika, na gharama haitapungua.

4. Idadi ya nakala. Kushusha faili si kuongeza nakala. Ikifutwa, imepotea. Weka nakala nyingine kwenye diski iliyochomolewa na kufungiwa mbali na ofisi.

Sheria nazo zinahusika. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mlipa kodi atunze hati zake kwa miaka 5. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo hairuhusu taarifa za watu kuwekwa kwa muda mrefu kuliko zinavyohitajika. Kwa hivyo bei nafuu isiwe sababu ya kuweka kila kitu milele.

Kabla mwezi huu haujaisha, chagua faili moja ya zamani, irudishe, na uangalie saa. Usingoje siku ya hasara ndipo ujue kama nakala zako zinafunguka.