Mchango na Wakfu: Msaada wa Wahitimu kwa Wanafunzi wa Idara

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja utoaji wa mali kwa ajili ya wengine, nayo hayalingani kimaana. Mchango ni fedha zinazotolewa na wengi kwa haja iliyopo, zikatumika mpaka zikaisha. Wakfu ni mali iliyozuiwa: haiuzwi wala hairithiwi, bali mapato yake ndiyo yatumikayo kwa lengo aliloliweka mtoaji. Watu wa pwani wameijua tofauti hii tangu kale. Shamba la minazi huwekwa wakfu, nazi zikauzwa, na fedha zake zikautunza msikiti au madrasa. Minazi yenyewe haiguswi. Mintarafu ya msaada wanaoutoa wahitimu kwa wanafunzi wa idara zao, tofauti hiyo ndiyo msingi wa jambo lote.

Vyuo vikuu vya ng'ambo vimezitumia njia zote mbili kwa muda mrefu. Mwaka 1643 Ann Radcliffe wa London, aliyeitwa pia Lady Mowlson, alikipa chuo cha Harvard pauni 100, akaagiza mapato yake yamkimu mwanafunzi maskini. Yeye hakuwa mhitimu wa chuo hicho, lakini utaratibu wake ni ule ule wa wakfu. Wahitimu wa Yale, kwa upande wao, walianzisha mwaka 1890 mfuko wa kuchangiwa kila mwaka, ili hata mwenye kidogo apate nafasi ya kutoa.

Nchini Kenya haja ya misaada ya namna hii ilichelewa kuonekana, kwa kuwa mzigo mkubwa wa elimu ya chuo kikuu ulibebwa na serikali. Mpango wa mikopo ulianza mwaka 1974. Mwaka 1991 wanafunzi wakatakiwa kuchangia gharama za masomo. Na mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mwaka 2023 utaratibu wa ufadhili ulibadilishwa tena. Mikopo hiyo hulenga karo, malazi na vitabu. Aghalabu haiigusi nauli ya mwanafunzi anayekwenda Lamu kurekodi Kiamu au Vanga kurekodi Kivumba, wala kifuta jasho cha wazee wanaomsimulia. Mwanafunzi asiye na nauli hubadili mada, akaandika juu ya yale yaliyomo maktabani. Hapo hasara si yake peke yake: lahaja hubaki haijaandikwa, na wazungumzaji wake wazee hawangoji.

Wahitimu wa idara za lugha za Kiafrika wengi wao ni walimu, hasa tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985. Watu hao si matajiri, ila ni wengi. Tuseme wahitimu 40 wanatoa shilingi 500 kila mwezi. Kwa mwaka watapata shilingi 240,000. Na iwapo safari moja ya utafiti inagharimu shilingi 20,000, wanafunzi 12 watasafiri. Fedha hizo zikiwekwa wakfu na kuleta asilimia 8, mapato ya mwaka yatakuwa shilingi 19,200, yasiyotosha hata safari moja. Lakini wakiendelea kuweka hivyo kwa miaka 10, asili ya mali itafika shilingi 2,400,000, na mapato yake, shilingi 192,000, yatawasafirisha wanafunzi 9 kila mwaka hata kama wachangiaji wote wamekoma. Ni kweli pia kwamba bei hupanda. Kwa hiyo sharti sehemu ya mapato irudishwe kwenye asili, la sivyo wakfu hudhoofika ingawa hesabu zake haziguswi.

Kwa sababu hiyo idara changa haifai kuchagua njia moja na kuiacha ya pili. Sehemu kubwa ya michango huanza kwa kukidhi haja za wanafunzi waliopo, na sehemu ndogo isiyoguswa huwekwa kando kwa ajili ya watakaokuja.

Lililobaki ni uangalizi. Fedha huwekwa katika akaunti yake, mbali na matumizi ya kawaida ya idara. Vigezo vya kuchagua hutangazwa mapema, na uamuzi hufanywa na kamati, si mwalimu mmoja, ili mwanafunzi asilazimike kujipendekeza kwa mtu. Jina la anayesaidiwa halitangazwi, kwani msaada unaomwaibisha mpokeaji huwafukuza wahitaji wa kweli. Masharti ya mtoaji nayo yapimwe kabla ya kukubaliwa. Anayeweka wakfu kwa mtafiti wa lugha moja tu aweza kuifungia fedha yake kabatini, maana kuna miaka ambapo lugha hiyo haitapata mtafiti. Afadhali hati iseme lengo kwa upana, na itaje matumizi mengine iwapo lile la kwanza halipatikani.

Wahitimu nao wanastahili kupewa hesabu kila mwaka. Hesabu hiyo haiwi ya shilingi peke yake. Kanda na tasnifu zilizotokana na safari hizo zikihifadhiwa katika maktaba ya idara, mwalimu aliyetoa shilingi 500 huko aliko ataweza siku moja kuzitumia darasani mwake.