Visiwa vya msitu katikati ya chai

Kedowa iko njiani ukitoka Kericho kuelekea Londiani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuna chai, mahindi na viazi, na saiprasi zilizopandwa kwa safu. Chini mabondeni, kando ya vijito, vimebaki vipande vya msitu wa asili, vingine vyembamba kiasi kwamba ukisimama upande mmoja unaona majani ya chai upande wa pili. Kwa jongoo, tandu, buibui na mamia ya wadudu wanaoishi humo, hivyo ni visiwa. Bahari yao ni shamba.

Mwaka 1967 Robert MacArthur na Edward O. Wilson walichapisha nadharia kwamba idadi ya spishi kisiwani hutegemea ukubwa wa kisiwa na umbali wake kutoka bara. Wilson na mwanafunzi wake Daniel Simberloff waliijaribu huko Florida, Marekani. Walifunika visiwa vidogo vya mikoko kwa mahema, wakapuliza sumu hadi wadudu wote wakafa, kisha wakakaa kuhesabu wanaorudi. Baada ya takriban mwaka mmoja idadi ya spishi ilikuwa imekaribia ile ya mwanzo, isipokuwa kwenye kisiwa kilichokuwa mbali kuliko vyote. Hata hivyo, spishi nyingi hazikuwa zilezile. Wengine walikuja kwa mbawa, na buibui wadogo walipeperushwa na upepo wakining'inia kwenye nyuzi zao.

Siafu hawana njia hiyo. Watazame wanapokatiza kijia, lakini usisimame karibu. Pembeni wamepanga askari wenye taya ndefu, vichwa juu. Katikati wanapita vibarua wadogo wakiwa wamebeba watoto weupe chini ya tumbo. Malkia wao hana mbawa maisha yake yote. Kundi likitaka kuzaa kundi jipya hugawanyika, na malkia huondoka kwa miguu pamoja na wafuasi wake. Kwa hiyo mahali ambapo siafu hawawezi kutembea, hawawezi kufika. Wanakijiji wengi wanajua kuhama nyumba kwa saa chache siafu wakiingia, maana wakitoka wameacha nyumba bila mende, viroboto wala kunguni. Mtoto mchanga na kuku waliofungiwa lazima watolewe kwanza.

Siafu wote si sawa. Katika msitu wa Kakamega, ambao wenyewe ni kisiwa cha mashariki kabisa cha msitu wa mvua wa Kongo, watafiti walikuta spishi mbili zinazowinda kwa makundi makubwa. Dorylus molestus huvumilia maeneo ya wazi. Dorylus wilverthi hushikamana na msitu, na katika vipande vidogo hupungua sana. Ndege wanaofuata misafara ya siafu ili kudaka wadudu wanaokimbia nao wakapungua, ingawa kwa mpita njia bado siafu walikuwepo. Jambo hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: msitu unaweza kuonekana mzima kwa macho huku wakazi wake wa lazima wameshaondoka.

Mkulima anaathirika pia. Chai ya Kericho husumbuliwa na utitiri, thripsi na kunguni wa Helopeltis, na maadui wa asili wa waharibifu hawa ni buibui, utitiri wanaokula wenzao na nyigu wadogo sana. Wanahitaji mahali pa kujificha dawa inapopulizwa na mahali pa kupata chavua. Shamba la mmea mmoja haliwapi. Wazee wa eneo hili wanakumbuka vidukari wa saiprasi, waliogunduliwa Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990. Fensi na mashamba ya saiprasi yakageuka rangi ya kahawia, kwa sababu mdudu huyo mgeni alikuja bila adui wake. Ilibidi aletwe nyigu kutoka ng'ambo, Pauesia juniperorum, anayetaga ndani ya mwili wa kidukari.

Halafu kuna malaria. Milipuko yake katika mashamba ya chai ya Kericho iliandikwa tangu miaka ya 1940, na kwa miaka mingi wanasayansi wamebishana ni kiasi gani kinatokana na joto kupanda na kiasi gani na dawa kushindwa. Kimelea hatari zaidi, Plasmodium falciparum, hukua polepole mno ndani ya mbu joto likishuka kuelekea nyuzi 18, na karibu na nyuzi 16 husimama. Nyanda hizi ziko karibu na mpaka huo, hivyo nyuzi moja ina uzito. Katika utafiti wa Yaw Afrane, Andrew Githeko wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao kule Kakamega, nyumba za sehemu zilizokatwa miti zilikuwa na joto zaidi, na kimelea kilikomaa mapema zaidi ndani ya mbu. Viluwiluwi vya mbu Anopheles gambiae navyo hustawi katika vidimbwi vinavyopigwa jua. Chandarua na matibabu ya mapema bado ndiyo kinga ya kwanza, lakini kufyeka kivuli cha bondeni ni kumkaribisha mbu.

Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilitaka ukanda wa mita 6 hadi 30 usilimwe kando ya mto. Wengi huujaza mikaratusi, nami naona hilo ni kosa: mti huo hunywa maji mengi na kijito kinaumia. Afadhali mti wa silibwet, ambao nyuki huupenda na Waogiek wa msitu wa Mau hupata asali yake. Majani yaliyoanguka na magogo yaliyooza yaachwe hapo hapo, maana ndiyo nyumba ya jongoo. Na majirani wa bonde moja wakubaliane, ili ukanda wa mmoja uungane na wa mwenzake hadi kwenye msitu mkubwa, kwa kuwa malkia wa siafu atavuka tu pale anapoweza kutembea.