Fibroidi na Upasuaji (Sehemu ya Pili): Saini Yako Inaruhusu Nini?

Wiki iliyopita tulieleza fibroidi ni nini: uvimbe unaoota kwenye misuli ya kizazi, ambao kwa kawaida si saratani. Leo tuingie kwa daktari wa upasuaji, siku ya kupanga tarehe.

Siku hiyo foleni huwa ndefu na mgonjwa huwa na hofu. Akiambiwa "tutautoa uvimbe", huitikia "sawa, daktari", kisha hutia saini fomu ya ridhaa. Huniuma sana mwanamke anapokuja kusema baadaye kwamba hakujua kizazi nacho kingeweza kuondoka.

Upasuaji ni wa aina mbili. Uvimbe unaweza kutolewa wenyewe, kizazi kikabaki. Au kizazi chote kikatolewa. Wa kwanza unamwachia mwanamke nafasi ya kuzaa, ila damu huweza kutoka nyingi na uvimbe unaweza kuota tena. Wa pili unamaliza uvimbe na hedhi, na uzazi pia. Sasa, damu ikikataa kukatika katikati ya upasuaji wa kwanza, huenda daktari akalazimika kutoa kizazi ili aokoe maisha. Ni nadra, lakini hutokea. Kwa hiyo muulize mapema, ukiwa bado umekaa kitini na nguo zako: "Daktari, unakusudia kutoa nini hasa, na ni jambo gani litakalokufanya ubadili mpango?" Kama unataka mtoto, mwambie waziwazi. Uliza usubiri miezi mingapi kabla ya kushika mimba, na kama kovu litakulazimu kujifungua kwa upasuaji.

Ulizia pia wingi wa damu yako. Hedhi nzito huipunguza, na vidonge vya madini ya chuma huhitaji wiki kadhaa kuirudisha. Ukipimwa siku ya kulazwa umechelewa. Ndugu wa kuchangia damu nao watafutwe mapema.

Dawa zote unazotumia ziandike kwenye karatasi: aspirini, warfarini, za kisukari, na mitishamba. Wengi huificha mitishamba wakiogopa kugombezwa, ilhali baadhi yake huzuia damu kuganda. Mtaalamu wa usingizi naye aione karatasi hiyo. Yeye ndiye atakayekwambia mwisho wa kula na kunywa ni lini, kwa sababu chakula kilichobaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni ukiwa umelala.

Nenda na dada, mama au mume, masikio yawe manne. Saini, hata hivyo, ni yako.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi kwa vyumba vya upasuaji. Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa mwenyewe huulizwa jina lake na anafanyiwa upasuaji gani. Ukiulizwa, uwe na jibu kamili: "Natolewa fibroidi, kizazi kibaki," au lile mlilokubaliana.

Wiki ijayo: siku za kwanza wodini.