R na L

Mtoto mmoja wa Kalemie alimwambia mwalimu wake: "Kesho kwetu kuna kalamu kubwa, dada anaolewa." Darasa zima likacheka. Kalamu ni ya kuandikia. Alitaka kusema karamu, chakula cha arusi.

Kosa hili si ujinga. Katika Kitabwa na Kiluba, lugha za nyumbani kwa watoto wengi wa huku, hakuna r kama ya Kiswahili. Ulimi umezoea l tangu utotoni. Kwa Warundi, kaskazini ya ziwa, mara nyingi ni kinyume: r wanayo, l ndiyo inawasumbua.

Basi angalia ulimi. Ukisema l, ncha yake hugusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kukaa hapo, pumzi ikipita kando. Ukisema r, ncha hupiga palepale upesi na kuachia, kama kidole juu ya ngoma. Sema "lll": ulimi umetulia. Sema "rrr": ulimi unatetemeka. Kisha sema "reli" polepole, maana neno hilo lina zote mbili. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa ziwani mwaka 1915, na bado wapo wanaoiita leli.

Katika barua ni shida zaidi. Kijana mmoja alimwandikia baba wa mchumba wake, ng'ambo ya ziwa, Kigoma: "Mahali tayari, baba." Alitaka kusema mahari. Mzee akajiuliza: mahali gani? Akakaa kwake akingoja barua nyingine. Binti naye akangoja.